Benchi la Mlazaji

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kunywa chai, ndipo kila kitu kilipoharibika. Kijana mmoja wa karakana ya samani, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa kwao, alikwenda kwenye dirisha la stoo kuomba vanishi. Mtunza stoo, ambaye naye walishamzoea kwa jina la Stoo tu, akamwambia vanishi haitoki bila sahihi ya meneja. Meneja hakuwepo, kama ilivyo kawaida ya mameneja. Wakaanza kurushiana maneno, yale ya watu wanaofanya kazi mahali pamoja na hawapendani. Mara Stoo akatoa kichwa dirishani na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine ya kuranda:

"Nenda kamlilie mama yako. Yule unayemwita dada."

Wenzake walicheka. Walidhani ni tusi kama matusi mengine ya pale. Kitinda hakucheka. Alisimama anamwangalia Stoo kama mtu anayejumlisha hesabu ambayo amekuwa nayo miaka yote bila kujua ni hesabu. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti alichokuwa hajamaliza kukipiga msasa, akatoka. Nyumbani hakufika.

Jumatatu, dada mtu alikuja kituoni. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba, futi ya kupimia bado iko shingoni. Askari wa kaunta walimweka kwenye benchi tangu asubuhi, wakamwambia mtu mzima hapotei, labda kapata mchumba. Aliyemchukua mwishowe ni Sajini wa upelelezi, mzee ambaye wenzake wa mafunzo walishapanda vyeo hadi wakasahau jinsi ya kufunga viatu vyao wenyewe.

Mshonaji alimweleza mambo kwa ufupi. Maneno ya Stoo, yaliyomfikia kupitia mafundi wa karakana, yalikuwa kweli. Aliyemzaa Kitinda ni yeye, akiwa bado msichana wa shule. Mama yake akampokea mtoto, akasema ni wake, wakahama mtaa, na ikawa hivyo. Mama alishafariki. Aliyebaki hai akijua ni yeye, na mwanamume aliyempa mimba. Kwa miaka yote hiyo alikuwa haliongei jambo hilo, na usiku hapati usingizi. Ndipo jirani mmoja akamwelekeza kwa Mlazaji, na huko pekee ndiko alikowahi kuyasema.

Mlazaji ni yule anayetibu watu kwa kuwalaza nusu usingizi. Hatumii dawa wala sindano. Unakaa kwenye kochi, anakuongelesha kwa sauti moja ya taratibu mpaka macho yanafumba yenyewe na mwili unalegea, lakini masikio na mdomo vinabaki kazini. Kinachokuuma kinatoka. Ukiamka unakumbuka nusu nusu, na usiku unalala.

"Nililala, Afande," mshonaji alisema. "Wiki tatu nzima nililala kama mtoto. Sasa naomba kitu kimoja. Mtafute mdogo wangu, lakini usiende kumlazimisha yule bwana akwambie niliyoyasema. Kwenye habari hii nimeshavuliwa nguo mara moja."

Sajini akamwahidi. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na ndiyo maana alipoitwa na Mkuu wa kituo hakukaa hata alipooneshwa kiti.

Mkuu alikuwa na kiyoyozi, na suala lenyewe aliona ni dogo. Aliagiza Mlazaji akamatwe, awekwe ndani, aseme yote, jambo liishe. Sajini alijaribu kueleza kwamba yule mwanamke ana haki ya faragha yake. Mkuu akauliza faragha ya mshona kaptula ni kitu gani hasa. Huyu Mkuu mlango wa ofisi yake una vitasa viwili, na simu yake huipokea chooni. Sajini aliomba gari la upelelezi. Gari lilikuwa limempeleka mke wa Mkuu kuchagua vigae. Akaenda kwa miguu.

Mlazaji alipanga vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Cha ndani kilikuwa na kochi, pazia zito, feni, na mlango wa mbao nyembamba. Cha nje kilikuwa na benchi, meza, na redio kubwa iliyowekwa juu ya kabati, jirani kabisa na mlango, ikiimba kwa sauti ya kuudhi. Mezani aliketi mwanamke mzee akifuma kitambaa. Sajini alimsalimia shikamoo. Hakujibu. Akasalimia tena kwa sauti, na mara hii mzee aliinua macho, akatabasamu, akanyoosha kidole kuonesha benchi.

Mlazaji mwenyewe alitoka. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, mikono imetulia sana. Aliposikia alichofuatwa nacho, mikono ile ikaanza kutafutana.

Sajini alianza na lililo jepesi. Nani mwingine anaingia humu? Nani anafagia, nani anatunza maandishi? Mlazaji akasema hana maandishi. Haandiki, harekodi, hataki jina la mtu. Kila mteja anapewa saa yake ili wasikutane, akiwahi anangoja kwenye benchi, na akimaliza anatokea ngazi ya nyuma. Msaidizi ni mmoja tu, huyu hapa, shangazi yake.

"Basi nianze na shangazi," Sajini akasema.

"Afande, shangazi hasikii. Ndiyo sababu nilimchukua. Watu walinicheka, eti mapokezi kaweka kiziwi. Nikawaambia hapo ndipo mteja wangu analala kwa amani. Hata waseme nini, hakitoki kwake."

"Na redio?"

"Redio ni ya watu wa benchi. Wao wasikie redio."

Ulikuwa mpango mzuri, na Sajini aliusifu. Hata hivyo hakuondoka. Alimwomba Mlazaji aingie chumba cha ndani, afunge mlango, aongee peke yake kwa sauti ya kawaida, kitu chochote, hata orodha ya vitu vya sokoni. Akaketi kwenye benchi. Redio ilipiga, na sauti ya ndani haikumfikia. Sajini akainuka polepole, akapita nyuma ya shangazi, akachomoa plagi ukutani.

Kimya. Shangazi akaendelea kufuma. Hakugeuka, hakuangalia kabati, hata kidole hakikusita. Na kutoka ndani, kupitia mbao ile nyembamba, sauti ya Mlazaji ikaja safi kama ameketi benchi hilohilo: nyanya, vitunguu, sabuni ya kufulia, viberiti.

Alipotolewa nje na kuoneshwa plagi, Mlazaji aliushika ukuta. Sajini akamuuliza kama siku ile ya mshonaji umeme ulikatika. Ulikatika. Ule ulikuwa mwezi wa mgao, wakubwa wa umeme walikuwa wanakata wanapojisikia na kutangaza kesho yake. Feni ilisimama na Mlazaji aliliona hilo.

"Kwa nini hukuacha?"

"Alikuwa katikati. Ukimwamsha mtu katikati ya jambo kama lile unamwacha humo humo. Nikasema dakika chache amalize. Redio sikuifikiria. Nilikuwa namsikiliza yeye. Na shangazi..."

"Shangazi asingejua imezimika hata ingekuwa wiki nzima," Sajini alimmalizia. "Nani alikuwa kwenye benchi?"

Hapo Mlazaji akanyooka. "Hilo sikwambii. Aliyekuwa kwenye benchi naye ni mteja wangu."

Sajini alimkumbusha kwamba kuna kijana hajulikani aliko. Mlazaji akasema anajua, na kwamba jambo hilo linamuuma. Lakini watu waliomwachia vidonda vyao walimwachia kwa sharti moja, naye sharti hilo hawezi kulivunja kwa huyu ili kumfurahisha yule. Sajini akamwambia amri ya Mkuu ni kumweka ndani. Mlazaji akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, tayari kwa pingu.

"Zirudishe," Sajini alisema. "Hujanitajia, lakini nimeshajua. Aliyesikia ndiye aliyesema."

Stoo alikuwa kwenye dirisha lake anagawa misumari. Alipomwona Sajini anakuja moja kwa moja bila kuuliza bei ya kabati, alifunga dirisha, akafungua mlango wa pembeni, akamkaribisha ndani kati ya makopo ya gundi. Alikuwa na mwili mkubwa na macho ya mtu asiyelala. Sajini alizungumza kwa sauti ya chini ili wa nje wasisikie. Alimwambia hana haja ya kujua alikwenda kwa Mlazaji kufuata nini. Anataka kujua alichokisikia tu, na kwa nini alikihifadhi wiki tatu kisha akakimwaga siku ile.

Stoo alikaa juu ya gunia la misumari. Alichokihitaji ni mtu wa kumwambia, maana hakungoja kuulizwa tena. Alieleza kwamba alikuwa mtunza funguo wa karakana ya zamani, ile iliyoungua. Meneja alikuwa ameagiza mlango wa nyuma ufungwe mchana kutwa kwa sababu mbao zinaibwa. Stoo akafunga. Moto ulipoanza, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na yeye yuko ng'ambo ya barabara anakunywa soda. Mafundi wawili hawakutoka. Tume ikaundwa, ikala, ikaandika kwamba ni hitilafu ya umeme. Meneja akapandishwa cheo. Stoo hakuulizwa hata na mbu. Ila usiku anasikia mlango unagongwa.

"Nilikwenda kwa yule bwana nimlipe anitoe hiyo sauti kichwani," alisema. "Niliwahi, naogopa kuonekana ngazini. Nikakaa. Umeme ukakatika, nikamsikia mwanamke. Sauti niliijua. Ni yule anayemletea Kitinda chakula hapa kila siku. Wallahi nilitaka kutoka, miguu ikakataa. Nikajiambia, haya, haya si yangu, yanaishia hapa."

"Yakaisha?"

"Yalikuwa yameisha, Afande. Ni yeye aliyeanza. Nilipomnyima vanishi aliniambia hivi: wewe unachojua ni kufunga tu, siku moja utatufungia humu tufe."

Sajini akasogea karibu. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari. "Na wewe ukasikia nini katika hilo?"

"Nikasikia mlango wangu. Nikasema kumbe dada yake naye alikaa kwenye lile benchi. Kama mimi nilivyomsikia yeye, naye kanisikia mimi, kaenda kumwambia mdogo wake, na sasa karakana nzima itajua. Nikampiga kabla hajanipiga."

"Wateja wanapewa saa zao. Dada yake alishaondoka ulipoingia wewe. Hakukusikia."

Stoo alimtazama.

"Kijana alikuwa anakutania kuhusu funguo," Sajini akasema. "Mtunza stoo yeyote anataniwa kuhusu funguo. Hakuwa anajua chochote."

Stoo akaweka uso wake wote ndani ya viganja vile vikubwa, na Sajini akaangalia makopo ya gundi, maana hapakuwa na pengine pa kuangalia. Kumkamata haikuwezekana. Sheria haina kifungu cha mtu aliyesikia kwa sababu ya mgao wa umeme, na wenye kutunga sheria wana majenereta.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Sajini aliuliza kama Kitinda alirudi baada ya pale. Stoo akasema alirudi, jioni ileile, wakati wa kufunga. Alikuja mpole, na upole huo ulimtisha kuliko kama angekuja na nyundo. Aliuliza habari ile kaitoa wapi. Stoo akamwambia. Akauliza baba yake ni nani. Stoo akamjibu ukweli, kwamba hakusikia hapo. Mlazaji alimuuliza mwanamke, ni nani, na kabla hajajibu umeme ukarudi, redio ikaanza kupiga kelele.

"Akasemaje?"

"Akasema ahsante, kaka. Tena akanisaidia kuvuta geti."

Sajini alirudi ghorofani jua likiwa limeinama upande wa duka. Mlazaji alikuwa amezima redio na kubandika karatasi mlangoni kwamba hapokei watu. Safari hii Sajini hakuuliza habari za wateja. Aliuliza kuhusu kijana ambaye hakuwahi kulala kwenye kochi lile, kwa hiyo si mteja wa mtu.

Mlazaji alikubali kwamba hilo anaweza kulisema. Kitinda alikuja Ijumaa asubuhi. Hakufanya fujo. Aliketi, akasema anajua dada yake alilala hapa, na anajua alitaja jina. Mlazaji akamwambia hawezi kuthibitisha wala kukanusha. Kijana akasema sawa, usiseme. Akaanza kutaja yeye. Alitaja mwalimu wa zamani. Alitaja mjomba. Alitaja mwenye nyumba waliyopanga kabla ya kuhama, na mwajiri ambaye bibi, yaani yule aliyemwita mama, alimfulia nguo. Alitaja mmoja mmoja, taratibu, sauti ileile moja, kama vile ndiye yeye anayelaza.

"Mimi sikufungua mdomo, Afande. Naapa kwa makaburi ya wazazi wangu."

"Na macho?"

"Alipofika kwa mmoja, nilitazama chini. Sikukusudia. Miaka yote najifunza jinsi uso unavyosema. Yeye hakufundishwa na mtu. Aliinuka, akarudisha kiti mahali pake, akaondoka."

Kwa hiyo kijana alikuwa na jina tangu Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na hii Jumatatu nayo inakwisha. Sajini akaomba aambiwe jina hilo. Mlazaji akakataa, huku machozi yanamtoka. Alisema amelivunja sharti mara moja kwa uzembe wa redio na mara ya pili kwa jicho, na mara ya tatu halivunji kwa kukusudia. Anayeweza kumfungua mdomo ni mwenye siri. Yuko tayari kulala rumande.

Sajini akampigia simu mshonaji. Alifika anahema, nyuzi zimemganda kwenye gauni, akaketi kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Sajini alimweleza yote waziwazi, hatua kwa hatua: redio, benchi, tusi, na majina yaliyotajwa mbele ya uso wa Mlazaji. Jina la Stoo hakulitaja, wala moto wake. Alisema tu mtu mwingine mwenye maumivu yake.

Mshonaji alimgeukia Mlazaji. "Nilimtaja?"

"Ulimtaja, mama. Mara mbili."

"Mimi nilidhani nimeota." Alivuta ile futi shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni. "Na yeye ameshamjua."

"Ameshamjua," Sajini alisema. "Huyu bwana anamjua, wewe unamjua. Asiyemjua ni mimi, na mimi ndiye ninayetakiwa kumzuia kijana asifanye kitu. Najua niliahidi. Sitamwuliza yeye. Nakuuliza wewe."

"Ukimjua utafanyaje?"

"Nitakwenda huko."

"Kwa gari lipi?"

Sajini alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Nikwambie mimi utakavyofanya," mshonaji akasema, bila ukali. "Huyu mtu haishi mtaani kwetu tena, Afande. Siku zile alikuwa mtu wa kawaida mwenye gari bovu. Siku hizi ana ukuta, na ukutani kuna geti, na getini kuna watu wenu wawili wenye bunduki. Mkipita pale mnapiga saluti. Wewe mwenyewe umeshampigia."

Mlazaji alitazama sakafu. Sajini aliliona hilo, na mshonaji naye aliliona.

"Kwa hiyo hutakwenda," aliendelea. "Utampigia Mkuu wako, maana mtu kama yule huwezi kumfuata bila Mkuu. Mkuu wako atapiga simu getini. Ataanza na habari gani? Ataanza na ya kwangu, ya mtoto wa shule? Atasema kuna kijana anakuja, ana hasira, kaeni macho."

"Inawezekana ameshafika huko," Sajini alisema kwa sauti ya chini. "Inawezekana yuko karibu na ukuta huo saa hii. Tukikaa kimya na yeye akajirusha getini, itakuwa vilevile."

"Najua."

"Basi nisaidie."

Simu ya Sajini ikaita. Kwenye kioo lilitokea neno moja, Mkuu. Aliishika mkononi, hakuipokea, hakuikata. Mshonaji aliinuka kutoka kwenye kochi, akaja karibu, akaitazama ile simu inavyotetemeka kwenye kiganja chake.

"Nikikutajia, Afande," akasema, "na ukapokea hiyo simu, utakuwa umemwokoa mwanangu, au utakuwa umewaambia wapi pa kulenga?"